Simu Zilizofungwa Uganda

Ediofe, Arua
Jumapili, 2 Machi 2025

Shangazi yangu Hawah,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Patience ninayelala naye kitanda cha juu na chini. Lakini najua ukifungua barua ukakuta haina salamu utaiwashia jiko, kwa hiyo salamu kwanza.

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima. Tumeanza kufunga, na Sista Viktoria, ambaye Ramadhani si yake, ametutengea sisi Waislamu wachache wa bwenini sufuria ya uji wa kufuturu. Baba ni mzima, duka la magodoro linakwenda. Na bibi yangu Haboba je? Miguu yake imepungua kuvimba? Mwambie mjukuu wake anamsalimu na hajasahau kumwombea.

Sasa jambo lenyewe. Baba anaamini kwamba kila Jumamosi mchana niko kwenye masomo ya ziada ya Biolojia, kwa sababu ameshaamua nitakuwa nesi. Siko huko. Niko kwenye chumba kimoja nyuma ya karakana ya fundi seremala, na klabu ya redio. Sista anajua, maana ruhusa ya kutoka ni yake. Baba hajui. Sasa na wewe unajua.

Wewe umeiona minara ya simu pale Koboko: kibanda chini, makabati ya chuma ndani, jenereta linanguruma. Kila kabati linajua kazi moja. Mtandao wa zamani una kabati lake, mtandao mpya una lake, na ukitaka kubadilisha unaleta lori na mafundi. Injinia Okuonzi, anayetufundisha, ana kisanduku kinachoenea kwenye mfuko wangu wa vitabu. Hicho kisanduku hakina kazi yoyote ya kuzaliwa nayo. Kinajua kupokea mawimbi na kutuma mawimbi, basi, kama mtu mwenye masikio na mdomo ambaye bado hajafundishwa lugha. Lugha inatoka kwenye kompyuta. Ukikiandikia programu ya redio ya muziki, kinapiga muziki. Ukikiandikia programu ya mnara wa simu, kinakuwa mnara wa simu.

Shangazi, nilikiona kikiwa mnara. Simu ya Jovia, msaidizi wa Injinia, ilikuwa mezani, na ikaandika jina la mtandao ambao dakika moja kabla haukuwepo duniani. Niliinama nikajifanya nafunga kiatu ili wasione uso wangu.

Wamepata kibali cha kukijaribu mahali pasipo na mtandao, mpaka mwisho wa Julai. Wanafikiria Logiri au Kuluba. Jovia aliuliza, "Nani anaijua Kuluba?" Nikangoja wote watoke, nikaandika ubaoni: *Naijua Kuluba. Ni kwa Haboba yangu. Watu wanapanda mwambani kutafuta mtandao.* Sikuandika jina. Jumamosi iliyofuata Jovia aliangalia mwandiko, akaniangalia mimi, akasema, "Basi ni Kuluba, dada mwandishi asiyejulikana."

Naomba umwulize mwenyekiti kama upo ukuta imara wa kushikilia nguzo ya antena. Na tafadhali, Baba asijue.

Binti yako,
Zuhurah


Kuluba
20 Machi 2025

Binti wa kaka yangu,

Wa aleikum salaam. Abiriga alileta barua yako kwenye lori la mihogo na harufu ya mihogo iko ndani mpaka leo. Sisi tuko. Haboba iko, miguu bado imevimba, ila mdomo ni mzima kabisa. Jana amegombana na mbuzi. Mbuzi ndiye aliyeondoka. Kiswahili changu ni cha sokoni, wewe uliyesoma pita juu ya makosa bila kucheka.

Kwa hiyo unamdanganya kaka yangu kila Jumamosi. Sawa. Leo sisemi kitu juu ya hiyo.

Unajua kazi yangu. Watu wanaleta simu kwenye sola yangu, nachaji, halafu nazipanga ndani ya karai, nafunika na kitambaa, napandisha mwambani. Juu pale mtandao wa Uganda unagusa. Nakaa. Kwanza kimya, halafu zinaanza kulia zote pamoja kama vifaranga. Meseji zikishaingia nateremsha karai, kila mutu anapewa yake. Juzi mzee Loro alinisimamisha njiani: "Mama Hawah, iko kitu yangu?" Namwambia, "Iko. Mtoto wako wa Juba anasema yeye iko hai." Mutu mzima akakaa kwenye majani akacheka peke yake.

Mwenyekiti amekubali. Iko ukuta wa ghala la zamani la tumbaku, hata tembo hawezi kuusukuma. Nimemwambia hiyo mashine inaletwa na mtoto wetu. Usione haya. Leteni.

Unaandika mambo mengi juu ya kisanduku. Juu yangu umeuliza miguu ya Haboba tu. Nakutania.

Shangazi yako,
Hawah


Kuluba
9 Juni 2025

Zuhurah mwanangu,

Salaam nyingi, na Idi njema ingawa imepita. Sisi tumesherehekea Koboko, kwa sababu nilimpeleka Haboba kliniki na watu wa huko wakakataa tuondoke bila nyama. Daktari amesema apunguze chumvi. Haboba amesema daktari apunguze maneno.

Nimerudi jana. Kumbe watu wenu walikuja nikiwa siko. Nguzo iko kwenye ukuta wa ghala, nyembamba kama mutu aliyetoka hospitali. Watu wanapita wanaitazama. Candiru jirani yangu ameniuliza, "Ndiyo hii tu? Ingine iko nyuma?" Nikamwambia vitu vya siku hizi ni vidogo.

Nimekuta kazi nyingi. Siku za Idi watoto walizichezea simu za watu, wakazifungua, na mtandao wa Kongo ukaingia ukala salio. Unajua mpaka wetu hapa, simu ikiachwa ijichagulie yenyewe inakimbilia Kongo, na Kongo haina huruma. Candiru alipoteza vocha yote kwa simu moja ya "halo, unasikia?" Basi nimezichukua zote, moja moja, nimezifunga tena Uganda kama kawaida yangu. Naingia ndani ya simu, nachagua mtandao wa Uganda kwa mkono, na simu haitazami mwingine tena. Nimewaambia: mutu asiguse, na asimpe mutu mwingine aguse, mpaka mimi mwenyewe niseme.

Hiyo nguzo yenu itaanza kusema lini? Mpaka sasa iko kimya.

Nampa Abiriga hii leo.

Hawah


Ediofe, Arua
Jumapili, 15 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Salaam aleikum. Sijapata barua yako tangu kabla ya Idi, natumaini ni barabara na si ugonjwa. Mimi ni mzima. Baba alikuja kunitembelea, akaniletea kitabu kikubwa cha mwili wa binadamu chenye picha za mifupa. Nilimshukuru. Usiku nilikiweka chini ya kitanda, mifupa ikatazama chini.

Nguzo imesimama, umeshaiona. Kisanduku kiko ndani ya ghala, sola inakilisha, na kinaongea na sisi huku Arua kupitia Koboko. Tukikaa Ediofe tunaona kwenye kompyuta kwamba mnara wa Kuluba unapumua. Nikiwaza kwamba mawimbi yale yanapita juu ya paa la Haboba, silali.

Ila hakuna simu hata moja iliyoingia.

Hakuna. Tunaona mnara unajitangaza, mimi hapa, mimi hapa, na hakuna anayeitika. Injinia ameandika upya sehemu ya kwanza ya programu. Kisha ya pili. Tulidhani masafa yetu yanagongana na ya Kongo, tukayahamisha kutoka kwenye viti vyetu, hakuna aliyepanda nguzo wala kushika bisibisi. Zamani ingekuwa safari ya siku nzima na kifaa kipya. Mimi nilifurahia hilo mpaka nikasahau kuwa halikusaidia. Ubaya wa redio inayobadilika kwa maandishi ni huu: kila kosa unalitafuta kwenye maandishi.

Juzi Jovia alikuja Kuluba mwenyewe. Akasimama chini ya nguzo na simu yake, ikaingia mara moja, akapiga simu mpaka huku, tukamsikia jogoo wa mtu. Kwa hiyo mnara ni mzima. Akaomba watu wampe simu zao azitazame. Wakakataa. Walimwambia, "Hizi ni za Mama Hawah kushika." Akakutafuta, wakasema uko mwambani. Amerudi amekasirika: "Watu wako, Zuhurah, wanashika simu kama wameshika mtoto mchanga."

Kibali kinaisha Julai. Bila simu, kisanduku kinarudi Kampala na Kuluba itaandikwa mahali pasipofaa. Injinia alisema hivyo bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Nani atarudi tena na nguzo mahali palipoandikwa hivyo?

Nilitaka kukuuliza kitu kuhusu kazi yako ya mwambani. Nimeandika, nimefuta.

Zuhurah


Ediofe, Arua
Jumapili, 6 Julai 2025

Shangazi,

Salaam, salaam, Haboba salaam, mbuzi salaam. Nisamehe, leo salamu zinakimbia.

Barua yako ya tarehe 9 Juni imefika Ijumaa. Giaboksi ya lori la Abiriga ilikufa njiani, na barua ikakaa chini ya kiti chake wakati wote huo. Nimeisoma kitandani baada ya chakula. Nilicheka kwa Haboba na daktari. Nilicheka kwa Candiru. Kisha nikafika pale ulipoandika umezifunga Uganda, na nikasimama juu ya kitanda mpaka nikagonga kichwa kwenye chaga za Patience.

"Una nini?" akauliza.

"Zimefungwa," nikasema.

"Umerukwa na akili?"

Jumamosi niliingia kwenye kile chumba nikiwa nimejifundisha sentensi moja njia nzima. Injinia alikuwa anaandika programu upya tena. Jovia anakunywa soda. Nikasimama mlangoni, na sauti ikatoka, ndogo.

"Zimefungwa."

"Nani kafungwa?" Jovia akauliza.

"Simu. Za Kuluba, zote. Shangazi yangu amezifunga Uganda."

Injinia akaacha kuandika. "Sema tena."

Nikasema tena. Nikaeleza mpaka, na Kongo, na vocha ya Candiru, na karai. Nilisikia sauti yangu ikiendelea kama ya mtu mwingine. Nilipomaliza, Jovia alisema, "Kumbe spika yako inafanya kazi," na Injinia akacheka mpaka akaegemea ukuta, maana mwezi mzima amekuwa akitibu mashine ambayo haikuwa mgonjwa.

Ni hivi. Mtandao wetu una jina lake wenyewe, si la kampuni kubwa yoyote. Simu uliyoifunga inatafuta jina moja tu, ikikutana na letu inapita kama haikuona mtu. Jovia alisema kuna njia ya mkato: tukiandikie kisanduku kijitangaze kwa jina la kampuni kubwa, ni kazi ya dakika moja, simu zote zitaingia. Injinia akakataa. Hilo ni jina la watu, kulichukua ni wizi, na kibali kingefutwa siku hiyo hiyo.

Zimebaki simu zenyewe kufunguliwa. Na Kuluba hakuna anayeruhusiwa kuzifungua ila wewe.

Shangazi, nakuomba uzifungue. Ni pale pale unapozifungia, chagua tu ijitafutie yenyewe. Karibu na nguzo mtandao wetu una nguvu kuliko wa Kongo. Wakikaa mbali sana ndipo waangalie.

Na sasa ile niliyoifuta. Nguzo ikianza kusema, hakuna atakayeleta simu ipandishwe mwambani. Mwezi wa pili nilipoandika ubaoni sikuwaza hilo hata kidogo, niliwaza kisanduku tu. Wewe uliwaza, na bado ulienda kwa mwenyekiti. Kama umebadili mawazo, sitakulaumu. Nitawaambia barua hii haikufika.

Bwenini simu ni marufuku, kwa hiyo nampa Shafik wa bodaboda, anakwenda Koboko kesho. Pikipiki yake haina kiti cha kufichia barua.

Zuhurah


Kuluba
20 Julai 2025

Zuhurah binti wa kaka yangu,

Wa aleikum salaam. Haboba iko salama. Amekula chumvi kwa siri na nimemkamata. Watoto wa Candiru wanakusalimu.

Barua yako ilifika mapema, Shafik ni kijana mzuri. Ilikaa chini ya mto wangu siku kadhaa. Siku hizo nilipanda mwambani bila karai, nikakaa tu. Kutoka juu pale unaona Kongo yote na kipande cha Sudani. Nilikuwa nafikiri nini, hiyo ni yangu.

Jana nimewaita watu kwenye ghala la tumbaku. Nimewaambia, "Leteni simu, leo nazifungua."

Kelele ikaanza. Candiru ndiye wa kwanza: "Mama Hawah, wewe mwenyewe ulisema tusiguse. Kongo itakula sisi."

"Ikila, utakuja kula kwangu."

"Kila siku?"

"Mpaka ushibe."

Watu wakacheka, lakini mikono ilibaki mifukoni. Basi nikatoa yangu kwanza. Nikaifungua mbele ya macho yao, nikaishika juu. Simu ikafikiria. Ikafikiria sana, mpaka mzee Loro akasema, "Hiyo imelala." Halafu jina likaja. Nikaigeuza wote waone.

Loro akanipa yake. Nikafungua, nikampigia mtoto wake wa Juba, nikamwekea sikioni. Ilikuwa hivi:

"Nani?"

"Ni mimi. Niko nyumbani."

"Baba? Uko mwambani?"

"Niko nyumbani. Nimekaa. Iko kuku hapa."

Baada ya hapo mikono ilitoka mifukoni yote, nikakosa pa kugeukia. Mpaka giza vidole vinauma.

Unauliza mwamba. Mwamba ni jiwe, utakuwepo. Nikwambie kitu: tangu asubuhi watu wanaongea na simu kama wendawazimu, na simu ikiongea sana inakufa haraka. Foleni ya kuchaji iko mpaka barabarani. Nimemwambia Haboba ahamishe kiti chake, kinazuia wateja. Nahitaji sola ya pili, siyo huruma yako.

Simu yangu mwenyewe nilipiga mara moja tu jana. Usiniulize kwa nani.

Shangazi yako,
Hawah


Ediofe, Arua
Jumamosi, 26 Julai 2025

Shangazi yangu,

Asalaam aleikum, na vidole vyako vipone. Mimi ni mzima kuliko wakati wowote. Leo naandika hapa hapa kwenye chumba cha redio, juu ya meza ya Injinia. Ametoka kununua chapati. Jovia yuko nje kwenye kivuli.

Jibu lako lilifika kabla ya barua yako. Jumamosi ile tulikuwa tumekaa, skrini ni tupu kama ilivyokuwa mwezi mzima. Mimi nilikuwa nimeshaandaa ule uongo wa barua iliyopotea. Ukatokea mstari mmoja. Simu moja, Kuluba, imeingia. Jovia akaweka chupa ya soda chini polepole kana kwamba kelele ingeifukuza. Halafu mstari wa pili, wa tatu, halafu ikaanza kuteremka kama mvua kwenye bati, na Injinia Okuonzi, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa anapiga meza kwa kiganja kila ikiingia mpya.

Kisha mnara ukaelemewa. Wote walitaka kuongea pamoja, na mnara ulikuwa umepangiwa watu wachache. Injinia akasogeza kiti chake. Akaniambia, "Kaa wewe. Ongeza nafasi." Nikakaa. Nikaandika kwa mikono yangu hii. Sikuuzima mnara, Shangazi, niliupanua huku watu wanaongea ndani yake. Wakati ule pengine Loro alikuwa bado anaeleza kuhusu kuku. Sikugusa chuma chochote. Nilibadilisha maneno, na Kuluba ikapata nafasi zaidi. Nilipobonyeza mara ya mwisho nilisahau kuona haya, nikapiga kelele, fundi seremala akaja kuuliza nani kaumia.

Na sasa kubwa. Alhamisi wakubwa wa Kampala wamejibu. Wameona takwimu, wameongeza kibali. Kisanduku kinabaki. Kuluba haitaandikwa mahali pasipofaa. Injinia ameniambia nikimaliza mtihani niombe chuo cha uhandisi, ataniandikia barua. Nikamwambia kwanza lazima nizungumze na Baba. Akaniuliza lini. Nikasema bado.

Ulimpigia nani siku ile? Najua umesema nisiulize. Nauliza kwa sababu wiki hii Baba ameniletea sabuni pale getini, na kwa mara ya kwanza hakuuliza habari za Biolojia. Alinitazama tu, akasema, "Unakula vizuri?" akaondoka.

Subiri. Kuna mtu anapita kwenye karakana. Si Injinia, yeye huburuta kandambili. Hivi ni viatu vya ngozi, vinakanyaga kwa uangalifu kati ya mbao, na kuna kikohozi ninachokijua. Nimeusukuma ukurasa huu chini ya kibodi. Jovia anauliza, "Karibu mzee, unamtafuta nani?"

"Namtafuta binti mmoja. Nimepigiwa simu kutoka Kuluba, nikaambiwa ndiye anayeendesha mtandao wa huko. Nataka anionyeshe."

Nimeutoa ukurasa tena. Uko wazi mezani, na wino bado mbichi. Viatu viko mlangoni.